Usiisugue: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wanaosaka Vitu vya Kale vya Kuuza

Watu wanaosaka vitu vya kale ili waviuze tena wamekuwa wengi. Wanapita minadani na magulioni, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kwenye nyumba za watu wanaohama ambao huuza vyombo vyote kwa siku moja, kisha hutuletea sisi tunaonunua sarafu na vitu vya kale. Ni kazi ya halali na ina riziki yake. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi hufika wakiwa wamekwisha kuiharibu bidhaa yao kwa mikono yao wenyewe, na sababu ni dhana moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, kiasi kwamba nimeona niijibu kwa maandishi.

Dhana: "Kitu kikisuguliwa kikang'aa, bei inapanda"

Bei inashuka, na hakuna namna ya kuirudisha. Chukua mfano wa rupia ya fedha ya Mjerumani, ile yenye Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, aliyevaa kofia ya chuma iliyosimamiwa na tai, na upande wa pili, kwa zile za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilizotolewa hadi mwaka 1902, simba mbele ya mtende. Rupia iliyoachwa kama ilivyo ina rangi ya kijivu iliyokolea kwenye mabonde ya chapa na kufifia sehemu zilizoinuka, na ukiiangalia kwa lenzi ya sonara unaweza kuyafuata manyoya ya tai moja baada ya jingine. Sasa itazame ileile baada ya kusuguliwa kwa majivu au nyuzi za chuma za kuoshea sufuria: manyoya yamelala bapa, uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na picha, umejaa mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, weusi umebaki ndani ya herufi tu, na kando ya ukingo umeganda unga mweupe wa dawa ya kung'arishia. Muuzaji anauita mng'ao huo usafi. Mnunuzi anayejua anaona kidonda, na anakiona kabla hujamaliza kumtajia bei.

Ni vyema kuelewa kwa nini jambo hili halina tiba. Sarafu inapopigwa chapa kiwandani, chuma husukumwa kwa nguvu kuelekea ukingoni, na msukumo huo huacha juu yake mistari midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu mpya unapoigeuzageuza. Mng'ao huo wa kuzaliwa nao ukishaondolewa hakuna fundi wa kuurudisha, kwa sababu haukupakwa juu ya chuma. Ni umbo la uso wa chuma chenyewe. Utando wa rangi unaojijenga baadaye nao ni matokeo ya miaka mingi ya hewa na mikono ya watu, na kwa mkusanyaji ni ushahidi kwamba sarafu haikuchezewa. Mwenye kusugua anaondoa utando, mistari na sehemu ya chuma kwa pamoja, na anachobakiza ni mng'ao wa aina nyingine, mkali na usio na uhai.

Limau na siki hufanya madhara kwa njia yao. Asidi huila shaba na kuiacha na rangi ya waridi iliyopauka, ambayo hakuna shaba ya zamani inayokuwa nayo kwa asili. Nimeletewa heller za shaba, zile sarafu ndogo za Mjerumani, zilizolazwa usiku kucha katika limau na chumvi, zikiwa na vishimo vidogo uso mzima, na mwenye kuzileta akitarajia zaidi kwa sababu zimekuwa "kama mpya". Hakuna mkusanyaji anayetaka sarafu ya mwaka 1909 iliyo kama mpya kwa limau. Hata kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu kwa ajili ya minada, kama PCGS na NGC, ambazo hutumia kipimo cha 1 hadi 70, huinyima namba sarafu iliyosafishwa vibaya na badala yake hutaja kasoro hiyo kwenye kibandiko chake, na kibandiko hicho huifuata kila inapouzwa.

Wauzaji hunijibu kwamba sonara hung'arisha. Ni kweli, lakini sonara anayenunua fedha yako ananunua uzito ili ayeyushe, wala hana haja na tai wala mwaka. Rupia hiyo ina uzito wa gramu 11.66, na kati ya hizo kama gramu 10.7 ni fedha halisi. Ukiisugua umejishusha mwenyewe hadi kwenye bei hiyo ya kuyeyusha, ilhali ulikuwa na haki ya kudai zaidi.

Makosa hayahaya hufanywa kwa vitu vingine. Kasha la Kipwani lenye misumari ya shaba hupigwa msasa na kupakwa vanishi inayong'aa, na hapo dalili zote za umri wake, yaani weusi unaozunguka misumari na ulaini wa ukingo ulioshikwa na mikono ya vizazi, hupotea kwa mchana mmoja. Noti iliyokunjwa hupigwa pasi, ikapoteza mguso wa karatasi na ukavu wake. Dele la kahawa husuguliwa hadi nakshi yake ikawa kivuli.

Ushauri wangu, ambao nitaendelea kuurudia kwa anayetaka na asiyetaka kuusikia, ni kuacha. Shika sarafu kwa ukingo, itie kila moja katika bahasha yake ya karatasi, na uandike juu ya bahasha ulikoipata na mwenyewe alikueleza nini. Usitumie mifuko laini ya plastiki, kwani aina nyingi zake hutoa majimaji ya kijani yanayonata na kuila shaba. Ikiwa ina udongo, iloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, kisha uiache ikauke juu ya kitambaa bila kuifuta. Ikiwa ina mafuta au gundi, asetoni safi kutoka duka la kemikali huyeyusha uchafu huo bila kugusa chuma, mradi uitumie nje na mbali na moto, na mradi usiibadilishe kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato. Kitu kimoja tu kinahitaji haraka, nacho ni unga wa kijani kibichi unaochambuka juu ya shaba, unaoletwa na chumvi ya hewa ya bahari: sarafu ya namna hiyo itenge na nyingine, iweke pakavu, na umwonyeshe anayejua kabla hujaigusa.

Dhana: "Kadiri inavyokuwa ya zamani ndivyo inavyokuwa ghali"

Bei inafuata uchache, hali ya kitu na idadi ya wanaokitaka. Umri huja nyuma. Sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, inayoonyesha mwaka 1780 huletwa kwangu kama kitu cha karne ya kumi na nane, wakati mwaka huo, ambao ndio aliokufa malkia huyo, uliendelea kuchapwa bila kubadilishwa katika viwanda vya Vienna, London, Bombay na kwingineko hadi karne ya ishirini, kwa kuwa wafanyabiashara wa Arabuni, Ethiopia na pwani yetu hawakuamini nyingine. Kwa zilizo nyingi unalipwa thamani ya fedha iliyomo na kidogo juu yake.

Tabora inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita na hawana sarafu, walipiga chapa katika karakana ya reli. Heller 20 za shaba ya njano zenye herufi T zilitoka zaidi ya milioni moja, na leo kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo, zilizotumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, hazikufika elfu ishirini, na huuzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka ni uleule na karakana ni ileile. Na kwa kuwa tembo huyo anatafutwa, ameghushiwa sana: sarafu halisi ina uzito wa karibu gramu 7.2, kwa hiyo mtu anayeifanya kazi hii bila mizani ya sonara mfukoni anajitakia hasara.

Dhana: "Shilingi ya mfalme ni fedha tupu"

Shilingi za Afrika Mashariki zilizotolewa kati ya mwaka 1921 na 1946 zina robo tu ya fedha, yaani haifiki gramu 2 kwa sarafu nzima. Zile za kuanzia mwaka 1948 hazina hata chembe. Ni shaba na nikeli.

Dhana: "Nimeona mtandaoni inauzwa mamilioni"

Uliloliona ni tangazo, na mwenye tangazo anaweza kuandika bei yoyote anayoitamani. Sarafu ya Kenya ya shilingi 40, iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, imewasumbua watu wengi kwa njia hii, wakati thamani yake sokoni ni dola chache. Tazama bei zilizolipwa, si zilizoombwa. Kwa sarafu za Mjerumani, matokeo ya minada ya Ujerumani, kama ile ya Künker mjini Osnabrück, yako wazi kwa kila mtu, na wakusanyaji wengi wa sarafu hizo wako hukohuko. Na mtu anayesema atakununulia kwa mamilioni lakini anakutaka utangulize ada ya upimaji au ya usajili ni tapeli. Katika biashara hii mnunuzi ndiye anayetoa hela.

Dhana: "Cherehani za zamani zina zebaki nyekundu"

Hazina, kwa sababu kitu hicho, kinachovumishwa kuwa ghali mno, hakipo. Uvumi huu ulipandisha bei za cherehani za Singer huko Saudia mwaka 2009, na bado unawafanya watu wavunje mashine nzima kutafuta kisichokuwemo. Singer ilitengeneza mashine hizo kwa mamilioni, nyingi katika kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Cherehani nyeusi inayoshona, yenye nakshi zake za dhahabu zisizochubuka, ina wateja. Iliyovunjwa ni chuma chakavu.

Dhana: "Nimekinunua kihalali, kwa hiyo naweza kukiuza popote"

Hili linaweza kukufikisha mahakamani. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na kuviuza au kuvisafirisha nje kunahitaji kibali. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 imeweka mpaka wake kwenye mwaka 1895. Kwa hiyo rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890 iko nje ya mpaka wa Tanzania, ingawa ni ya kabla ya mpaka wa Kenya, na visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa vimo ndani kabisa. Visarafu hivyo vilikwisha kuokotwa hadi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944, na wanahistoria bado wanajadiliana vilifikaje huko; mjadala huo usingekuwepo kama aliyeviokota hangeweka kumbukumbu ya mahali. Anayekuletea visarafu vya namna hiyo akisema vimetoka Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, ambazo ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, mwambie avipeleke Idara ya Mambo ya Kale pamoja na maelezo ya pale alipoviona, na wewe usivinunue kwa bei yoyote.