Kompresa ya gitaa hubana tofauti, haibani sauti

Bendi zikijaribu vyombo kabla ya onyesho, kauli hii haikosekani: “Solo haisikiki, ongeza kompresa.” Nobu (kile kitufe cha kuzungusha) inazungushwa mpaka mwisho, solo inazidi kuzama, na lawama anabebeshwa fundi mitambo. Fundi hana kosa. Neno ndilo limeeleweka vibaya.

Kompresa ni kifaa kinachopunguza tofauti kati ya noti iliyopigwa kwa nguvu na iliyopigwa taratibu. Kinapima umeme unaotoka kwenye gitaa. Ukivuka kiwango fulani, yaani kizingiti, kinaushusha kwa uwiano uliopangwa. Ukirudi chini, kinaachia. Maana yake ni hiyo tu, na haina utata. Utata unaanzia kwenye jina.

Jina limetoka kwenye Kilatini, comprimere: com ni pamoja, premere ni kukandamiza. Kinachokandamizwa ni nini? Kwenye kompresa ya gereji ni hewa. Inashindiliwa kwenye tangi mpaka presha ijae, na ukifungua inatoka kwa kishindo. Kwenye MP3 ni ukubwa wa faili. Wapiga solo wengi wanaijia pedali (kompresa ya gitaa, kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu) wakiwa na picha ya gereji kichwani, kana kwamba sauti inashindiliwa humo ndani ili itoke na nguvu mpya. Humo hamna tangi. Umeme wa gitaa unapita tu, na njiani unapunguzwa pale ulipozidi.

Kiswahili nacho kinatuponza. Mwimbaji akibana sauti, tunajua ameikaza kooni ikawa nyembamba. “Wabana pua” wa Bongo Fleva hawahitaji kutambulishwa. Kwa hiyo ukimwambia mtu kompresa “inabana sauti”, anategemea mlio mwembamba. Ukisema “inasawazisha sauti”, umeingia shamba la ekolaiza, ambayo kazi yake ni kugawa besi, midi na trebo. Afadhali tuseme kompresa inabana tofauti. Hapo msikilizaji atauliza tofauti ya nini na nini, na hilo ndilo swali lenyewe.

Chukua namba. Kizingiti kiko desibeli −20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; kadiri namba inavyozama chini ya sifuri, ndivyo sauti ilivyo ndogo), uwiano ni 4 kwa 1. Noti nzito inaingia ikiwa −8, yaani imekivuka kizingiti kwa desibeli 12. Kwa uwiano huo inabakiwa na 3 tu, inatoka ikiwa −17. Noti laini iliyoingia ikiwa −24 haikukifikia kizingiti, haiguswi. Mwanzo zilitofautiana kwa desibeli 16, sasa ni 7. Hapo hakuna kilichoongezeka. Kinachoongeza ni nobu nyingine kabisa, iliyoandikwa “Level” au “Output”. Ukirudisha zile desibeli 9 kwa nobu hiyo, noti nzito inarudi −8 na ile laini inapanda mpaka −15. Lakini mvumo wa koili za pikapu (vile visumaku vya chini ya nyuzi vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme) uliokuwa −60 nao umepanda mpaka −51. Umeme wa TANESCO au Kenya Power ni wa hezi 50, na pikapu za koili moja huunasa vizuri sana. Hiyo ndiyo bei ya kompresa, na hailipwi mara moja: kila noti inapofifia, mvumo unanyanyuka nyuma yake.

Kuna neno la pili lililoharibu mambo zaidi: “Sustain”. Kampuni ya Boss waliita kompresa zao CS, yaani Compression Sustainer, na kwenye CS-3 ya mwaka 1986 nobu ya kubania imeandikwa Sustain. Ndipo watu wakaamini kwamba pedali inaurefusha mlio. Piga waya wa kwanza kwenye freti ya 12 na usikilize mpaka uishe. Waya unatikisika kwa muda uleule, pedali ikiwa imewashwa au imezimwa, kwa sababu pedali haina mkono wa kuugusa. Ilichofanya ni kukishusha kile kishindo cha mwanzo, kisha kuachia polepole kadiri waya unavyochoka, hivyo sikio halioni mteremko. Gitaa ambalo mlio wake unakufa mapema kwa sababu ya nati mbovu (kile kipande cha mwisho wa shingo kinachobeba nyuzi) au nyuzi zilizochakaa litaendelea kufa mapema, ila sasa litakufa likiwa na mvumo.

Sasa kwa nini solo inazama ukizidisha? Kwa sababu sikio linaitambua noti katikati ya ngoma, besi na rithimu kwa ule mgongano wa piki (kile kipande cha kupigia nyuzi) na waya, na mgongano huo ndio wa kwanza kukatwa. Hapa ndipo ataki inapohitajika, yaani muda unaopita kabla pedali haijaanza kubana. Ukiiweka kwenye milisekunde 20 hadi 30, piki inapita kwanza, kisha mwili wa noti unashikwa. (Angalia upande wa nobu: kwenye 1176, kompresa ya studio, kulia ndiko haraka zaidi, kinyume cha wengi wanavyodhani.) Rilisi, muda wa kuachia, inataka hesabu ya wimbo wenyewe. Sebene la mapigo 130 kwa dakika, noti nne kwa pigo, linampa kila noti milisekunde 115. Rilisi ikiwa 500, pedali haijaachia noti ya kwanza na nyingine nne zimeshapita chini ya kivuli chake. Iweke karibu na 100. Solo ya taratibu inavumilia 200 hadi 300. Usishuke chini sana pia: waya wa sita hutikisika mara 82 kwa sekunde, kila mzunguko ni kama milisekunde 12, na rilisi fupi kuliko hapo itaanza kulikunja wimbi lenyewe, utasikia mkwaruzo.

Pedali za nobu mbili, kama MXR Dyna Comp ya miaka ya 1970, hazina ataki wala rilisi kwa nje. Hapo Sensitivity, ndiyo nobu ya kubania, anzia saa nne, kimshale kikielekea pale ilipo 10 kwenye saa ya ukutani, halafu rekebisha Output mpaka sauti ilingane pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Usihukumu mlio kabla ya kulinganisha, maana kinachosikika kwa juu hudhaniwa ndicho kizuri.

Distosheni, ule mlio wa gitaa unaokwaruza, nayo si kompresa, ingawa nayo hupunguza tofauti. Distosheni inakata vichwa vya wimbi katika kila mzunguko, na umbo linabadilika. Kompresa inashusha wimbi zima na umbo lake linabaki. Ndiyo maana solo safi ya dansi au rumba huonja kompresa waziwazi, na solo yenye distosheni nzito haihitaji sana, kwa kuwa imeshakatwa. Ukizitumia zote mbili, tanguliza kompresa: distosheni italishwa kiwango kisichoyumba. Utakachopoteza ni ule uwezo wa kusafisha mlio kwa kushusha volyumu ya gitaa. Ukiigeuza ikaja baada ya distosheni, itakuwa inanyanyua kelele kila unaponyamaza.

Basi, mwenzako akiomba tena “ongeza kompresa, solo haisikiki”, mwambie kwa upole kwamba anachotaka ni Level, na kwamba Sustain irudi nyuma kidogo.