Nishati haitoki kwa kuvunja bondi

Hii dhana kwamba bondi za kemikali (vile vifungo vinavyoshikanisha atomu) zimebeba nishati ndani na ukizivunja inatoka imekaa vichwani muda mrefu sana, na mara nyingi inaanzia kwenye bailojia, pale tunapoambiwa ATP, ile molekuli ambayo seli inaitumia kupata nguvu ya kufanya kazi, ikikatwa fosfeti ya mwisho basi nishati inaachiwa. Ukiingia kemistri unaambiwa kinyume, na wengi wanakariri yote mawili bila kuyakutanisha.

Kemistri iko sahihi jamani. Kuvunja bondi kunakula nishati, siku zote. Angalia hidrojeni ikiungua: kuvunja moli mbili (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli au bondi) za H-H, yaani bondi ya hidrojeni, na moja ya O=O, yaani bondi ya oksijeni, kunataka kama kilojuli 1,370, halafu zinajengwa bondi mpya za O-H kwenye maji, moli nne, na hizo zikijengwa zinatoa kama 1,850, sasa hiyo tofauti ndo moto unaouona.

ATP nayo ni hivyo hivyo. Mtaalamu wa biokemia Fritz Lipmann alipoandika mwaka 1941 kuhusu bondi za fosfeti zenye nishati kubwa, hesabu yake ilikuwa ya mmenyuko mzima, yaani ATP na maji upande mmoja, ADP (ATP iliyopungukiwa fosfeti moja) na fosfeti upande wa pili, tofauti ambayo leo inahesabiwa kuwa kama kilojuli 30 kwa moli. Wataalamu wa bailojia wanalijua hili, wanafupisha tu, ila mwanafunzi anabaki na ule ufupisho peke yake na hapo ndo anapotea.

Hata nishati ya ugali haipo kwenye ugali peke yake, ipo kwenye ugali pamoja na oksijeni unayovuta, ndo maana seli ikikosa oksijeni inapata ATP 2 tu kwa glukosi moja badala ya kama 30.