Nguo za enzi ya Malkia Victoria kwa mradi wa shule: tunayodanganyana na ukweli wenyewe

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, shule ikishatuma ujumbe kwamba siku fulani watoto waje wamevaa kama enzi za Victoria, wengi tunakimbilia mtandaoni kununua gauni la poliesta linalong'aa, mtoto analivaa siku moja linaishia chini ya kabati. Na mara nyingi hilo gauni halifanani hata na nguo za wakati ule. Basi ngoja niseme machache.

Eti wote walivaa magauni mapana kama mwavuli. Victoria alitawala kuanzia 1837 mpaka 1901, miaka 63 hiyo, fasheni ilibadilika mara ngapi hapo katikati! Ile fremu ya chuma ya kutanua sketi ilianza kushika kasi 1856 na kufikia mwisho wa miaka ya 1860 ilishachuja, halafu ukaja mtindo wa kujaza nguo kwa nyuma tu, matako yanabinuka, na miaka ya 1890 ikawa zamu ya mikono iliyotuna mabegani. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote muulize mwalimu wanasoma miaka gani. Na isitoshe mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na mambo ya fremu, alivaa gauni la kawaida la rangi iliyokolea, juu yake aproni nyeupe. Aproni ilikuwa na kazi yake, kufua gauni zito la sufu kwa mkono ni balaa, so inachafuka aproni, inafuliwa aproni. Gauni la kijivu au bluu nzito kutoka maduka ya mitumba ya hisani, shuka jeupe la zamani ukalikata aproni, soksi nyeusi ndefu, buti, umemaliza.

Eti rangi zilikuwa nyeusi na kahawia tu. Hii naona imeletwa na picha za zamani ambazo hazina rangi, pamoja na Malkia mwenyewe aliyevaa nguo za msiba tangu mumewe Albert afariki Desemba 1861 mpaka na yeye anaondoka. Lakini watu walipenda rangi jamani. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini, ndiyo, dawa ya malaria, akashindwa, badala yake akapata rangi ya zambarau ya kutiwa kwenye vitambaa, na 1858 Malkia akaivaa zambarau kwenye harusi ya binti yake. Zikafuata rangi nyingine kali kali za maabara. Binti yako akitaka zambarau mwachie, ila awe anaigiza mwaka baada ya huo 1856.

Eti mtoto mweusi haendani na hiyo enzi. Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote, maana mtoto akisikia hivyo anabaki kuchagua utumwa au kusimama pembeni. Sara Forbes Bonetta, msichana aliyetoka Afrika Magharibi na Malkia akagharamia malezi yake, alifunga ndoa Brighton 1862 na picha zake za mwaka huo zipo, gauni la nguvu kabisa, mtafute mwonyeshe mwanao. Na wa kwetu je? Chuma na Susi, walioongoza safari ya kuubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo, walikuja hapa Uingereza mwaka 1874. Mtoto wako ana watu wa kuigiza.

Eti koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, ni lazima, na wanawake walitolewa mbavu ili kiuno kiwe chembamba. Hakuna ushahidi wa maana wa hizo mbavu, na ukifikiria operesheni za siku zile nani angejipeleka? Koseti ilivaliwa juu ya shimizi, ikabeba uzito wa sketi na kushikilia kifua, hata wanawake wa kazi za sulubu walikuwa nayo. Mtoto wa shule ya msingi umbane ya nini, achana nayo.

Eti mvulana lazima apakwe masizi awe wa kusafisha dohani. Darasa zima linakuja limepakwa masizi, wakati kuwapandisha watoto kwenye dohani kulikomeshwa kwa sheria ya 1875 na kuanzia 1880 kwenda shule ikawa lazima. Kizibao, shati lisilo na maandishi, skafu ndogo shingoni, kofia bapa ya kitambaa, suruali umeichomeka kwenye soksi ndefu, inatosha. Na kama una mdogo wa kiume wa nasari, walikuwa wanavaa gauni kabisa, ila hilo sijui kama baba mtu atalikubali.

Mwisho ni vifungo. Zipu hizi tunazozijua ni za karne ya 20, kwa hiyo zifiche au weka vifungo. Cherehani ruksa, Singer alipata hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, 1851. Hata ile pini ya nepi ruksa, ipo tangu 1849, so aproni ikikushinda kushona, bana na pini mtoto aende shule.