Je, wajua kwa nini watu wasiojuana wote wana hadithi ya gharika?

Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanaye Nuhu. Wahindi wanaye Manu, aliyeokolewa na samaki. Wagiriki wa kale walikuwa na Deucalion, na Wamasai wanaye Tumbainot. Kote huko maji yanapanda, watu wanaangamia, na mtu mmoja aliyeonywa mapema anaokoka, mara nyingi na watu wake. Likizungumzwa jambo hili penye watu, hakosi atakayesema: "Si unaona? Dunia nzima ilizama siku moja." Hoja hiyo inavutia, ila ukizisoma hadithi zenyewe kwa makini utagundua kwamba hazifanani kwa namna moja. Kufanana kwa baadhi yake kuna historia inayojulikana kabisa.

Tuanze na ndege. Mwaka 1872, katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, George Smith alikuwa akisoma vipande vya udongo vilivyochimbwa Ninawi, karibu na Mosul ya leo nchini Iraki. Hakuwa msomi wa chuo. Ufundi wake ulikuwa kuchonga sahani za kuchapia noti, na mwandiko wa kabari, ule wa alama zilizochorwa kwenye udongo, alijifunza mwenyewe, akijiibia muda wa chakula cha mchana. Kwenye kipande kimoja akakuta habari za chombo kilichokwama mlimani, kisha njiwa aliyeachiwa, akakosa pa kutua, akarudi. Inasimuliwa kwamba alirukaruka chumbani na kuanza kuvua nguo kwa furaha. Tarehe 3 Desemba alisoma tafsiri yake hadharani, na Waziri Mkuu Gladstone alikuwa miongoni mwa wasikilizaji.

Ubao ule wa udongo ulikuwa sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, mfalme shujaa wa hadithi, kutoka maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru wa karne ya 7 KK. Ndani yake mzee Utnapishtim, aliyeokoka gharika, anaachia njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru, na kunguru harudi. Katika kitabu cha Mwanzo anatangulia kunguru, halafu njiwa. Utnapishtim akishuka anatoa sadaka, miungu wanainusa na kukusanyika kama nzi. Nuhu naye anatoa sadaka, na Mwanzo 8:21 inasema Bwana akasikia harufu ya kumridhisha. Mvua inaweza kunyesha popote, lakini mvua haifundishi watu wawili wasiojuana kuachia ndege mmoja baada ya mwingine, na wote wawili wakamchagua njiwa na kunguru. Hapo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba tunatazama simulizi moja iliyopita mikono mingi kati ya mito Tigri na Frati na nchi za jirani.

Na simulizi hiyo ni ya zamani kuliko maktaba ya Ashurbanipal. Utenzi wa Atrahasis, ulioandikwa karibu miaka 1,000 kabla yake, unaeleza sababu ya gharika: watu walizaana wakawa wengi, wakapiga kelele, mungu Enlil akakosa usingizi. Akajaribu maradhi, akajaribu ukame, mwisho akaleta maji. Mungu mwingine, Enki, hakuruhusiwa kutoa siri kwa binadamu yeyote, basi akauambia ukuta wa matete huku Atrahasis akisikiliza upande wa pili. (Ujanja huo hata bibi zetu wangeuelewa: unasemeshwa ukuta ili mkwe asikie.) Ubao mwingine, uliochapishwa mwaka 2014 na Irving Finkel wa jumba lilelile la London, unaonyesha chombo cha mviringo, kamba zilizosukwa na kupakwa lami, kama ile mitumbwi ya duara iliyokuwa ikivusha watu Baghdad hadi karne ya 20.

Ukilinganisha sababu, ndipo unapoona kila watu walivyoishika hadithi. Katika Mwanzo si kelele tena, ni dhuluma iliyojaa duniani. Katika Qur'ani ni watu waliomkanusha mtume wao, na Sura Hud ina jambo ambalo Mwanzo haina: mwana wa Nuhu anaitwa na baba yake apande, naye anajibu kwamba atakimbilia mlimani maji yasimfikie. Wimbi linaingia kati yao. Safina inatua juu ya Judi. Muumini husoma aya hizo kama habari ya kweli kutoka kwa Mola, na udongo wa Ninawi haumnyang'anyi hilo. Mtu anaweza kuchukulia mbao zile kuwa ni kumbukumbu iliyopotoshwa ya tukio lilelile. Kinachoulizwa hapa ni kwa nini hadithi imeenea, na kuhusu hilo mbao zinatusaidia.

Sasa Wamasai. Mwaka 1904 ofisa wa Kijerumani katika koloni la Afrika Mashariki, Moritz Merker, alichapisha hadithi aliyosema amesimuliwa na wazee. Tumbainot alikuwa mcha Mungu. Nduguye alipofariki alimrithi mjane, ikawa ana wake wawili. Jioni moja yule mjane akamnyima maziwa, wakagombana, mwanamke akahama na kujijengea boma lake la miiba. Kisha ukatokea uuaji wa kwanza duniani, na Mungu akaamua kuwaangamiza watu. Tumbainot akaunda safina, akaingiza familia na wanyama. Mvua ilipokatika alimtuma njiwa, akarudi amechoka. Baadaye akamfunga tumbusi mshale kwenye unyoya wa mkia. Jioni tumbusi akarudi bila mshale, na Tumbainot akajua: ndege ametua kwenye mzoga, mshale umenasa chini, basi nchi kavu ipo. Zikaonekana pinde nne za mvua, moja kila upande wa mbingu.

Njiwa huyo ananitia shaka. Kufikia 1904 wamisionari walikwisha kuzunguka nchi hizi, na Merker mwenyewe alikuwa na nadharia kwamba Wamasai ni jamaa wa Waebrania wa kale, nadharia ambayo leo haina wafuasi wa maana. Lakini mshale kwenye mkia wa tumbusi haukutoka kwenye Biblia yoyote. Huo umetoka kwa mchungaji aliyezoea kutazama angani kujua mzoga uko wapi. Hadithi ikiingia ugenini hula chakula cha mwenyeji.

Sehemu nyingine hakuna safina kabisa. China hadithi kuu ya mafuriko ni ya mhandisi. Gun alijaribu kuzuia maji kwa kuta, akashindwa, akauawa. Mwanawe Yu akachimba mifereji ili maji yaende baharini, kazi ya miaka 13, na inasemwa alipita mbele ya mlango wa nyumba yake mara tatu bila kuingia. Hakuna aliyeokolewa peke yake, na hakuna ulimwengu ulioanza upya. Ni hadithi ya watu wanaoishi kando ya Mto Manjano, ambao kitanda chake huinuka kwa tope mpaka mto unavunja kingo. Mwaka 1887 ulivunja, na waliokufa walikuwa mamia ya maelfu.

Misri nayo inafundisha kwa kukosa. Nchi iliyofunikwa na maji kila mwaka ungedhani ingekuwa na gharika kubwa kuliko zote, lakini Nile ilipanda kwa majira yake na kuleta tope la kilimo. Balaa la Mmisri lilikuwa mwaka ambao mto haukupanda. Basi mungu Ra alipotaka kuangamiza watu, katika hadithi yao, hakutumia maji. Alimtuma mungu wa kike kuwaua, na kilichowaokoa wanadamu ni mafuriko ya bia nyekundu iliyomwagwa mashambani ili alewe.

Je, ardhi yenyewe inasemaje? Mwaka 1929 Leonard Woolley, akichimba mji wa Uri kusini mwa Iraki, alikuta tabaka la tope safi lenye unene unaofikia mita 3 hivi, akatangaza kwamba ameipata gharika. Lakini tabaka la Shurupaki, mji mwingine wa kale, ni la wakati mwingine, na mji wa Eridu, kilomita zisizofika 30 kutoka Uri, haukuwa nalo. Yalikuwa mafuriko mengi ya mito, kila mji na yake. Tabaka moja la dunia nzima halijapatikana.

Kilichotokea dunia nzima kweli ni bahari kupanda. Miaka 20,000 iliyopita maji mengi yalikuwa barafu, na bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Ghuba ya Uajemi ilikuwa nchi kavu. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao hawakuvuka kwa jahazi. Ila bahari hiyo ilipanda kwa maelfu ya miaka, si kwa siku 40. Huko Australia, wataalamu Patrick Nunn na Nicholas Reid walikusanya mwaka 2016 masimulizi ya wenyeji kutoka sehemu 21 za pwani, yakieleza nchi iliyomezwa na bahari, na wanaamini kumbukumbu hizo zina zaidi ya miaka 7,000. Unguja haina bahati hiyo: wasemaji wa lugha za Kibantu walifika pwani hii wakati mkondo wa kati ya Unguja na bara ulikwisha kujaa, na walioiona njia ikizama hawakuacha msimulizi.

Ziko pia hadithi zinazoanza na ziwa lililopo, ndipo watu wanatafuta sababu. Karibu na Kendu Bay nchini Kenya kuna ziwa Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Usiku wa sherehe akaja bibi kizee, akafukuzwa, mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Kijiji kikazama, yule mwanamke akapona. Ovid wa Roma alisimulia karibu hivyohivyo kuhusu wazee wawili maskini, Baucis na Philemon, waliowakaribisha miungu waliojificha huku majirani wakifunga milango. Sidhani kama kuna aliyebeba hadithi hiyo kutoka Roma hadi Nyanza. Kumfukuza mgeni usiku ni aibu huku na kule. Simbi Nyaima lenyewe, wanajiolojia wanasema, ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano.