“Si blanki tu hiyo?” na uongo mwingine kuhusu bastola ya Dirty Harry

Kila nikikaa na dairekta kupanga sini ya kurushiana risasi, muda si mrefu ile muvi ya Dirty Harry itatajwa. Anataka bastola ndefu kama ya Clint Eastwood, anataka ing'ae, anataka itoe moto mdomoni, na nikimuuliza huo moto utatokaje ananijibu kiulaini kabisa, “Si unaweka blanki tu, blanki haina kitu,” yaani ile risasi isiyo na kichwa. Jamani nimechoka. Kazi yangu ni propu, silaha za kuigizia ndiyo mkate wangu, na hiyo sentensi nimeisikia mpaka naiota, kwa hiyo leo naandika yote, wa kusoma asome.

Tuanze na silaha yenyewe maana hata hapo watu wanachanganya. Muvi ni ya 1971, dairekta Don Siegel, inapigwa San Francisco, stelingi ni Inspekta Harry Callahan, na bastola yake ni Smith & Wesson Model 29, rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi 6, kaliba (saizi ya risasi) .44 Magnum, ile yenye mtutu wa inchi 6 na nusu. Watu wanadhani propu maana yake ni toi. Siyo, ile ni chuma, silaha halisi iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kuua mnyama. Hollywood ya miaka ile ilikuwa inakodi bunduki za kweli kabisa kwenye makampuni kama Stembridge, na rivolva ilipendwa kwa sababu haina usumbufu, huibadilishi kitu, unatoa risasi unaweka blanki unavuta kifyatulio inalia. Bastola za magazini ndizo zina kazi, kwa sababu zile zinahitaji presha ndani ya mtutu ili zijikoki zenyewe, na blanki kwa kuwa haina kichwa gesi inatoka yote mbele kirahisi na bastola inagoma baada ya mlio mmoja, ndiyo maana mafundi wanauziba mtutu kwa ndani wanabakiza katundu kadogo. Sasa angalia hatari iko wapi: kwenye ule mtutu uliozibwa kichwa cha risasi hakina pa kupita, ila mtutu wa rivolva uko wazi mwanzo mpaka mwisho. Chochote kilichomo humo kinatoka.

Haya, blanki. Blanki ina ganda, ina praima ya kuwashia, ina baruti. Kitu pekee kilichotolewa ni kichwa, kile kipande cha mbele kinachoruka kumpiga mtu. Baruti ni ileile ya kulipuka, na nyingine za muvi zinawekewa baruti ya kutosha makusudi ili moto uonekane vizuri kwenye kamera. Mdomo wa ganda unakunjwa au unazibwa na kizibo cha karatasi au plastiki. Ukifyatua, ile gesi ya moto pamoja na kizibo na chembe za baruti ambazo hazijaungua vinatoka kwa nguvu, na ukiwa karibu nguvu hiyo inatosha kupasua ngozi, kutoboa jicho, kuvunja mfupa.

Unadhani natisha watu? Mwaka 1984 kulikuwa na mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, kijana wa miaka 26, yuko kwenye seti ya tamthilia ya Cover Up, shutingi zimesimama wanasubiri, amechoka kusubiri akaanza utani. Akachukua rivolva yenye blanki, akaiweka kwenye panja, akafyatua. Hakukuwa na kichwa cha risasi hata kimoja mle ndani. Ile presha peke yake ilivunja kipande cha fuvu ikakisukuma ndani ya ubongo. Ilikuwa 12 Oktoba, tarehe 18 akafariki. Na rivolva ilikuwa kaliba gani? .44 Magnum, kaliba ya Harry. Hiyohiyo mnayonitajia mkicheka.

Kuna Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, huyu wengi mnamjua lakini kifo chake kwenye seti mnakisimulia vibaya, mnasema “waliweka risasi ya kweli kwa bahati mbaya”. Haikuwa hivyo. Ilikuwa Machi 1993, Wilmington, North Carolina, na rivolva tena ilikuwa ya .44 Magnum, Model 629, ambayo ni Model 29 ileile ila ya chuma kisichoshika kutu. Kwanza walihitaji dami, yaani risasi ya kuonekana tu kamera ikisogea karibu na silinda, wakazitengeneza wenyewe kwa kuchukua risasi za kweli na kumwaga baruti halafu wakarudisha vichwa, lakini praima wakaziacha. Dami moja ikafyatuliwa. Praima peke yake ina nguvu ndogo, haikutoa kichwa nje, ilikisukuma kikaingia kwenye mtutu kikakwama humo. Hakuna aliyechungulia. Baadaye rivolva hiyohiyo ikawekwa blanki kwa sini nyingine, akafyatuliwa Brandon, baruti ya blanki ikakisukuma kile kichwa kilichokwama kama risasi kamili. Kwa hiyo ukiniambia blanki haina kitu, nakuuliza, kwani blanki ndiyo inajua mtutuni kuna nini?

Ile ajali ya muvi ya Rust, New Mexico, 21 Oktoba 2021, hiyo kweli ilikuwa risasi ya moto iliyochanganyika na dami, Halyna Hutchins akafa, alikuwa mpiga picha mkuu wa muvi yenyewe, na msimamizi wa silaha akahukumiwa miezi 18 mwaka 2024. Dami nzuri huwa zina kigololi ndani badala ya baruti, unaishika moja unaitikisa sikioni, inalia chakacha chakacha. Nyingine zina tundu ubavuni. Isiyolia na isiyo na tundu haiingii kwenye silinda, na huo mtikiso ni wa risasi moja moja jamani, sio unatikisa boksi zima unasema nimesikia. Mtutu nao unamulikwa tochi kila kabla ya sini, na mwigizaji aone kwa macho yake, asiambiwe tu.

Na kitu ambacho madairekta hawapendi kunisikia nikisema: hakuna haja ya kumlenga mtu. Mtu wa kamera anayejua kazi yake atakupangia engo, mwigizaji analenga pembeni ya mwenzake na kwenye skrini inaonekana kalengwa katikati ya kifua. Kamati ya usalama ya Hollywood ina waraka wake, namba 1 kabisa, unaosema wazi kwamba blanki zinaua na kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi. Namba 1, kabla ya mengine yote! Halafu siku hizi kuna silaha za mpira na za gesi za kuchezea, moto unawekwa kwenye kompyuta. The Rookie ni tamthilia ya polisi mwanzo mwisho, na baada ya kifo cha Halyna wakaachana na blanki wakahamia kwenye airsofti, hizo za kuchezea, na moto wa kompyuta. Wewe una bajeti ya siku mbili unataka blanki ya nini? Mimi ninayo ya mpira, ni nyeusi, ina uzito wa kueleweka, ichukue hiyo.

Tuyamalize na mengine maana hayanikeri sana.

“Ile .44 inamrusha mtu ukutani.” Hapana. Risasi yake ya kawaida ina kichwa cha gramu 15 na ushee, kinaenda kama mita 430 kwa sekunde. Piga hesabu: hata kikiishia chote mwilini mwa mtu wa kilo 80, kinampa mwendo wa sentimita 8 hivi kwa sekunde, mtoto anayetambaa anampita. Ingekuwa risasi inamrusha mpigwaji basi na mpigaji angerushwa nyuma vilevile. Wale mnaowaona wanaruka ni stanti, kuna kamba mgongoni na watu wanaivuta.

“Ndiyo bastola yenye nguvu kuliko zote duniani, Harry mwenyewe kasema.” Harry alisema, na kwa bastola za kununua dukani wakati ule alikuwa anakaribia kweli. .44 Magnum ilitoka mwishoni mwa 1955. Lakini Dick Casull alikuwa ameshaunda .454 Casull mwishoni mwa miaka ya 50 nayo inaizidi kwa mbali, ni vile tu ilichelewa kuingia sokoni mpaka 1983. Na 2003 Smith & Wesson haohao wakatoa .500 Magnum. Kwa hiyo anayerudia hiyo mistari leo kama data, apumzike.

“Polisi wa San Francisco walikuwa wanapewa hizo.” Aisee. Polisi wengi wa Marekani miaka ile walibeba .38 Special, wachache .357. Model 29 ilikuwa ya wawindaji, nzito, inarudi nyuma vibaya, na kabla ya muvi haikuwa na wateja wengi. Muvi ndiyo iliyoiuza, baada ya 1971 ikawa adimu na watu wakawa wanalipa juu ya bei ya dukani.

Kiwambo cha sauti, kile cha kupunguza mlio, kwenye rivolva: kila riwaya ya kipelelezi inacho na kila dairekta ananiomba. Kati ya silinda na mtutu kuna uwazi mdogo, mlio na gesi vinatokea hapo hapo ubavuni, unafunga kiwambo mbele cha kazi gani? Rivolva ya Kirusi iitwayo Nagant ndiyo inayojulikana kuziba huo uwazi kwa kusogeza silinda mbele. Harry hakuwa na Nagant.

Kuvuta nyundo kwa kidole gumba ili isikike “klik” ya kumtisha adui: Model 29 haihitaji, ukivuta kifyatulio tu nyundo inajipandisha yenyewe. Klik ni ya sauti, endeleeni nayo, mimi sina ugomvi na klik.

Na wale mnaoamini Harry alikuwa anapiga .44 Magnum kamili kwa mkono bila kutetereka, tafuteni Magnum Force, muvi nyingine ya Harry ya 1973, sini ya uwanja wa shabaha. Anaulizwa anatumia risasi gani kwenye hiyo .44 yake, anajibu kwamba anaweka Special nyepesi, risasi yenye nguvu ndogo kuliko Magnum, ili aimudu vizuri na isimrudie sana.