Kitabu Mwenza cha Filamu ya Historia: Maana Yake na Namna ya Kukisoma

Kitabu mwenza ni kitabu kinachoandaliwa sambamba na filamu ya hali halisi, kikatolewa karibu na wakati filamu inapoanza kuonyeshwa, na kikaeleza mada ileile kwa kutegemea utafiti uleule. Kisichanganywe na riwaya iliyotengenezewa filamu, kwa maana huko kitabu hutangulia na filamu hufuata. Wala si maneno ya filamu yaliyonakiliwa na kupigwa chapa. Nchini Marekani uandishi wa namna hii umestawi zaidi katika historia na utamaduni, hasa kupitia filamu ndefu za sehemu nyingi zinazorushwa na PBS, mtandao wa televisheni ya umma. Wengi wamekizoea kitabu hiki kama zawadi nene yenye picha nyingi, ya kuwekwa mezani sebuleni ili wageni waifungue. Sifa hiyo inakipunja, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna hoja ambazo filamu haikupata nafasi ya kuzieleza.

Mfano unaojulikana zaidi ni The Civil War, filamu ya Ken Burns kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865. Filamu hiyo ya sehemu tisa na takriban saa kumi na moja ilirushwa kwa usiku tano mfululizo mwezi Septemba 1990. Kitabu chake kilitoka mwaka huohuo, kikiwa kimeandikwa na Geoffrey C. Ward pamoja na Ric Burns na Ken Burns, ambao ndio walioandika pia maneno ya filamu. Mtu angetarajia kwamba, kwa kuwa waandishi ni walewale, kitabu kingekuwa mwangwi wa filamu tu. Sivyo kilivyo.

Katika filamu, mtu anayeonekana na kusikika mara nyingi kuliko mchambuzi mwingine yeyote ni Shelby Foote, mwandishi kutoka Kusini mwa Marekani, mwenye sauti ya upole na visa visivyokwisha kuhusu majenerali na askari. Barbara J. Fields, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Columbia, anajitokeza kwa muda mfupi zaidi, ingawa ndiye anayesema waziwazi kwamba utumwa ulikuwa kiini cha vita hivyo. Ndani ya kitabu mizani inabadilika. Fields amepewa insha kamili inayouliza ni nani hasa aliyewakomboa watumwa, na humo anaonyesha jinsi watumwa wenyewe walivyolisukuma suala la uhuru wao mbele ya wanasiasa na makamanda ambao mwanzoni hawakutaka kuligusa. Anayejua historia ya vita hivyo atakumbuka kwamba tangu Mei 1861 watu watatu walitoroka utumwani wakakimbilia ngome ya Fort Monroe huko Virginia, na Jenerali Benjamin Butler akakataa kuwarudisha kwa bwana wao. Hayo yalitokea zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya Rais Abraham Lincoln kutoa tangazo lake la uhuru la tarehe 1 Januari 1863. Wanahistoria kadhaa waliilaumu filamu kwa kuwapa watu weusi nafasi finyu, na lawama hiyo naiona ya haki. Hata hivyo, aliyesoma kitabu alikuwa tayari ameshika sehemu kubwa ya jibu mkononi.

Tofauti nyingine iko katika mwendo. Filamu humwongoza mtazamaji kwa sauti na muziki, na haimpi muda wa kurudi nyuma akapima alichosikia. Sehemu ya kwanza ya The Civil War inafikia kilele kwa barua ya Meja Sullivan Ballou wa Rhode Island, aliyomwandikia mkewe Sarah tarehe 14 Julai 1861. Wiki moja baadaye alijeruhiwa katika mapigano ya Bull Run, akafariki siku chache baada ya hapo. Barua inasomwa taratibu huku fidla ikilia chini yake, na ni vigumu kuisikiliza pasipo kuguswa moyo. Lakini barua inayosikika imefupishwa. Miongoni mwa yaliyoachwa ni maneno ya baba huyo kuhusu wanawe wadogo, watakaokua bila kujua malezi ya baba kama alivyokua yeye. Muziki nao haukupigwa katika kambi yoyote ya vita hivyo, kwani wimbo huo, Ashokan Farewell, ulitungwa na Jay Ungar mwaka 1982. Hakuna udanganyifu hapo, maana kufupisha na kupamba ni sehemu ya ufundi wa filamu. Anayetaka kujua askari huyo aliandika nini hasa hana budi kuyasoma maneno yake kwenye karatasi, bila fidla, kwa kasi anayoichagua mwenyewe.

Umuhimu wa kitabu mwenza ulidhihirika zaidi katika kisa cha Eyes on the Prize, filamu ya harakati za haki za kiraia iliyotayarishwa na kampuni ya Blackside ya Boston, chini ya Henry Hampton. Sehemu sita za kwanza zilionyeshwa mwaka 1987, zikahusu miaka ya 1954 hadi 1965. Sehemu nane nyingine zikafuata mwaka 1990. Filamu hii imejengwa kwa picha za habari za wakati ule, picha mnato na nyimbo, na kila kipande kilikuwa na mwenye haki zake. Haki nyingi zilinunuliwa kwa muda maalumu, kwa kuwa za kudumu zilihitaji fedha ambazo watayarishaji hawakuwa nazo. Leseni hizo zilipokwisha katika miaka ya 1990, filamu haikuweza tena kurushwa wala kuuzwa upya kihalali. Hampton alifariki mwaka 1998 bila kuiona ikirudi hewani. Ilirudi PBS mwaka 2006, baada ya wafadhili, mmojawapo Ford Foundation, kulipia haki upya.

Katika miaka hiyo ya ukimya vitabu vilikuwapo. Kimoja ni simulizi la mwandishi wa habari Juan Williams, kilichotoka pamoja na filamu mwaka 1987. Kingine, Voices of Freedom cha mwaka 1990, kiliandaliwa na Hampton mwenyewe na Steve Fayer kutokana na mahojiano yaliyofanywa kwa ajili ya filamu, na humo mashahidi wanasema kwa kirefu yale ambayo kwenye skrini yalikatwa hadi sentensi chache. Palikuwa pia na mkusanyo wa hotuba na nyaraka uliokusudiwa wanafunzi. Kwa hiyo filamu moja inaweza kuwa na wenza kadhaa, kila kimoja na kazi yake, na anayevitafuta maktabani ni vema ajue anachohitaji ni simulizi, ushahidi au nyaraka.

Desturi hiyo imewahi kumfikia mtu wa pwani yetu. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Marekani, alitoa filamu ya sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage, mwaka 1986 kwa ushirikiano wa BBC na WETA, kituo cha televisheni ya umma cha Washington, pamoja na kitabu chake na kingine cha makala za kufundishia. Lynne Cheney, mkuu wa mfuko wa taifa wa Marekani wa masomo ya utu (historia, fasihi, falsafa na mengineyo) uliochangia fedha, alidai jina la mfuko huo liondolewe kwenye filamu, akiiona inazilaumu mno nchi za Magharibi. Aliyetaka kuupima ugomvi huo kwa haki aliweza kufungua kitabu na kuzifuata hoja za Mazrui hatua kwa hatua.

Udhaifu wa vitabu hivi nao usifichwe. Vingi vinaandikiwa msomaji wa kawaida na havina tanbihi, hivyo ni vigumu kujua dai fulani limetoka wapi. Aidha, mtazamo wake kwa kawaida ni wa watayarishaji walewale, kwa hiyo kitabu hakiwezi kuhesabiwa kuwa shahidi wa pili anayeithibitisha filamu. Tarehe ya kuchapwa nayo itazamwe kwanza. Mwaka 1990 idadi iliyozoeleka ya waliokufa katika vita vya 1861 hadi 1865 ilikuwa takriban 620,000, lakini mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker, akitumia takwimu za sensa, alikadiria kwamba walifikia karibu 750,000.