Inn ya Kiingereza: maana yake, na kazi ya mwenye nyumba

Inn ni nyumba ya wageni ya zamani ya Uingereza iliyompokea msafiri pamoja na farasi wake. Msafiri alipata chakula na kitanda, mnyama akapata zizi, na vyote viliendeshwa na mtu mmoja. Bia iliuzwa pia, lakini si bia iliyoitofautisha na nyumba nyingine. Kilabu cha bia kiliuza hasa bia, mara nyingi sebuleni kwa mpishi wa bia mwenyewe. Nyumba ya mvinyo ilikuwa ya wenye fedha mijini. Mwaka 1577 serikali ilihesabu nyumba hizi katika sehemu kubwa ya nchi, ikitafuta fedha za kukarabati bandari ya Dover. Vilabu vya bia vilikuwa zaidi ya 14,000, inn kama 1,600, na nyumba za mvinyo kama 300. Inn zilikuwa chache kwa sababu kuanzisha moja kulitaka mtaji mkubwa: jengo, vitanda, mashuka, na juu ya yote mazizi.

Tofauti kubwa ilikuwa ya kisheria. Kwa sheria ya mapokeo ya Kiingereza, mwenye inn hakuwa huru kuchagua wateja. Msafiri akifika katika hali ya kupokeleka, ana fedha, na nafasi ipo, alikuwa na haki ya kupokelewa. Mzigo wake ukipotea ndani ya nyumba, mwenye inn alilipa hata kama hakukosea lolote, isipokuwa hasara iwe imeletwa na nguvu za Mungu, na maadui wa taifa, au na uzembe wa mgeni mwenyewe. Kanuni hiyo ilithibitishwa na mahakama mwaka 1584 katika kesi ya Calye. Sababu yake ni ya kiutu kabisa: msafiri aliyelala ugenini hakuwa na namna ya kujua kama mhudumu wa chumba anashirikiana na wezi wa njiani, na malalamiko ya aina hiyo yalikuwa mengi karne ya 16. Kwa upande wake, mwenye inn aliruhusiwa kuzuia mizigo ya mgeni mpaka deni lilipwe. Baadaye mzigo wa dhima ulipunguzwa. Sheria ya 1863 iliweka kikomo cha pauni 30 kama mwenye inn hakukosea, lakini ikaacha nje farasi na magari. Kwa farasi aliyepotea, fidia ilibaki bila kikomo.

Katika mji wa soko, inn ilikuwa zaidi ya mahali pa kulala. Chukua Devizes, mji wa kaunti ya Wiltshire ulio kwenye mojawapo ya njia za kutoka London kwenda Bath, mji wa chemchemi za maji ya moto. Inn ya Bear inatazama uwanja wa soko moja kwa moja, na kukaa hapo kulikuwa na faida. Mkulima aliyepeleka magunia yake uwanjani alilipa ushuru wa soko. Akiingia inn na kiganja kimoja cha ngano mfukoni kama sampuli, aliweza kupatana bei na mnunuzi mezani, wakaandikiana, na magunia yakapelekwa moja kwa moja kinuni. Ushuru haukulipwa, na mvua haikumgusa mtu. Biashara ya namna hii ilienea sana kuanzia karne ya 17, na ndiyo maana inn bora zilizunguka viwanja vya soko. Siku ya soko mwenye nyumba aliandaa meza moja ya bei maalumu, saa maalumu, kila mkulima akala chakula kilekile. Minada, vikao vya mahakimu, ofisi za kodi ya vileo na dansi za matajiri vyote vilifanyika ghorofani, kwa kuwa miji mingi haikuwa na ukumbi mwingine mkubwa.

Jinsi watu wa Devizes walivyouchukulia mkataba wa ngano unaonekana mpaka leo kwenye mnara uliosimamishwa uwanjani mwaka 1814. Umeandikwa habari za Ruth Pierce wa kijiji cha Potterne. Tarehe 25 Januari 1753 alishirikiana na wanawake wengine watatu kununua gunia moja la ngano. Hesabu ilipopungua, aliapa kwamba amelipa sehemu yake, na kama hajalipa basi aanguke afe. Akaanguka akafa, na fedha zikakutwa mkononi mwake.

Sasa farasi, maana hapo ndipo fedha ilipokuwa. Gari la abiria la farasi wanne liliwachosha wanyama baada ya maili 10 hivi, likahitaji wapya. Tangu gari la kwanza la barua lilipotoka Bristol kwenda London tarehe 2 Agosti 1784, muda ulisimamiwa kwa ukali. Mlinzi wa gari alipuliza baragumu kabla ya kufika, masaisi wakatoka na farasi wanne waliokwisha kuvikwa hatamu, na katika miaka ya 1830 ubadilishaji uliweza kuisha kwa dakika mbili. Kazi ya mwenye inn ilikuwa kukodisha farasi hao. Kanuni ya biashara ilikuwa farasi mmoja kwa kila maili ya njia. Farasi wa magari ya kasi alidumu miaka mitatu au minne tu, kisha akauzwa kwa kazi nyepesi. Majani makavu na oti ndiyo yaliyokula faida: mavuno yakiharibika, bei ya oti ilipanda, ilhali nauli ilikuwa imeshapatanwa na mwenye gari. Samadi angalau iliuzwa kwa wakulima.

Jengo lenyewe lilifuata mahitaji hayo. Mbele kuna lango la tao la kupitisha gari, nyuma kuna ua mrefu, mazizi mwishoni na vyumba pembeni. Matao mengi yalijengwa kabla ya enzi za abiria kukaa juu ya paa la gari, kwa hiyo asiyeinama alipigwa kichwa.

Mwenye nyumba alikuwa nani hasa? Mara nyingi kuta hazikuwa zake. Jengo lilikuwa la kabaila, la kanisa au la halmashauri ya mji, naye alilipanga kwa miaka kadhaa na kununua farasi, samani na akiba ya mvinyo kutoka kwa mtangulizi wake kwa mkopo. Hapo ndipo wengi walipoangukia. Thomas Lawrence alichukua Bear ya Devizes mwaka 1773, akitokea Bristol. Alikuwa mtu wa bidii isiyo ya kawaida: alisimamisha nguzo nyeupe kwenye nyika ya Salisbury ili wasafiri wasipotee theluji ikifunika njia. Wageni wakubwa waliokwenda Bath walikaribishwa kumsikiliza mwanawe akighani mashairi, au kuchorwa naye picha. Sifa hazikulipa madeni. Mwaka 1780 hivi biashara ilikuwa imekufa na familia ikahamia Bath, ambako yule mtoto aliwalisha wazazi wake kwa kuchora sura za watu. Mwaka 1820 akawa rais wa Royal Academy, chuo cha sanaa cha London. Naona si haki baba huyo kukumbukwa kama mfilisika tu. Nguzo zile ziliwaonyesha wasafiri njia.

Kulikuwa na mzigo mwingine ambao wenye nyumba waliuchukia kwa sababu nzuri. Kwa sheria ya jeshi ya 1689 na zilizofuata, askari walio safarini walilazwa kwenye inn na vilabu, si kwenye nyumba za raia, kwa malipo yaliyopangwa na serikali. Kikosi kikifika siku ya soko, vitanda vya wateja wa kweli vilikwenda.

Reli ndiyo iliyomaliza biashara ya farasi wa masafa marefu. Njia ya London hadi Bristol ilikamilika tarehe 30 Juni 1841, ikapita Swindon na Chippenham, ikaiacha Devizes pembeni. Tawi la reli lilifika huko mwaka 1857 tu. William Chaplin wa London, mwenye inn kadhaa na farasi zaidi ya 1,000, aliliona mapema. Aliuza magari yake, akaweka fedha kwenye reli ya Southampton, na baadaye akawa mwenyekiti wake. Mwenye inn wa mji mdogo hakuwa na njia hiyo, kwani mazizi hayahamishiki. Nyumba nyingi zilinunuliwa na viwanda vya bia, na mpangaji akafungwa kununua bia ya kiwanda hicho peke yake.

Anayetaka kufuatilia majina ya wenye inn fulani aanze na hati za dhamana. Tangu sheria ya 1552, muuza bia alipewa kibali na mahakimu wawili na kuweka wadhamini. Kuanzia 1753 makarani wa kaunti walitakiwa kutunza daftari za dhamana hizo, na utaratibu huo ukakoma 1828. Tatizo ni kwamba hati nyingi zinataja mtu na parokia bila jina la inn, kwa hiyo zioanishwe na wasia na orodha za mali za marehemu, ambazo hutaja vyumba kimoja kimoja. Baada ya hapo kuna vitabu vya anwani za wafanyabiashara na sensa za 1841 na kuendelea. Jina la mwanamke likitokea ghafla, kwa kawaida ni mjane aliyerithi kibali, na pengine aliendesha nyumba miaka mingi kuliko mumewe. Na jina la inn lisiaminiwe haraka: mwenye nyumba aliyehama aliweza kuondoka na kibao chake, na Bear ya mwaka mmoja ikawa upande wa pili wa uwanja miaka 20 baadaye.